Uliza Mzee wa Resi: Melbourne Ilinyeshewa, Sasa Tuamini Spidi ya Nani?

SWALI: Habari mkubwa. Mimi na shemeji yangu hatuelewani kabisa. Yeye anasema mbio ya kwanza ya msimu wa Formula 1 (F1) ikinyeshewa hio ni ya kutupa, huwezi soma chochote kuhusu spidi ya timu, ungoje ya pili ama ya tatu. Mimi nasema gari nzuri ni nzuri hata kwa maji. Tumebishana tangu Melbourne ya 2025, msimu ukaisha na bado tunabishana, na kuna mbuzi mzima amewekewa hapo. Nani anamnunua? – Mbishi, Umoja

JIBU: Mbishi, huyo mbuzi mtachanga nusu kwa nusu, na mniite siku ya kuchinja.

Wacha nikumbushe kwanza wale walikuwa wamelala, maana Melbourne huku kwetu huanza saa moja asubuhi Jumapili na najua wengi mliamka mkapata watu washamwagiana shampeni. Ilikuwa 16 Machi 2025, lami imelowa, Isack Hadjar akaenda kwa ukuta kwenye ile raundi ya kupasha tairi, yaani resi haijaanza kijana ashatoka analia mpaka babake Lewis Hamilton akaenda kumfariji. Wakapunguza raundi moja zikabaki 57. Kuanza tu, Jack Doohan ukuta, halafu Carlos Sainz naye ukuta huku gari la usalama, lile hutolewa kupunguza mwendo wa wote ajali ikitokea, liko mbele yao linatembea pole pole. Baadaye Alonso, halafu mvua ikarudi ikaondoa Lawson na Bortoleto. Kati ya magari 20 yalimaliza 14. Norris wa McLaren akashinda, Verstappen wa Red Bull akafika sekunde 0.895 baada yake, Russell wa Mercedes wa tatu.

Sasa mtu akichukua hio listi peke yake aende nayo kazini Jumatatu, atasema McLaren na Red Bull wako sawa ju tofauti haijafika hata sekunde, Sauber wamejipanga ju Hülkenberg ni wa saba, Aston Martin wamerudi ju Stroll ni wa sita, na Piastri, mwenzake Norris pale McLaren, ni wa kawaida tu ju amemaliza wa tisa. Na wengi walisema hivo. Mvua ikishika Thika Road, V8 ya mheshimiwa na Probox ya kubeba mboga zinafika Globe pamoja, na hakuna mtu hushuka akasema Probox imekuwa na spidi.

Kwa nini maji yanasawazisha hivo? Gari ya F1 inapata uwezo wake kwa kona kutokana na hewa inayoikandamiza chini, na hio hewa inafanya kazi zaidi kadri spidi inavyopanda. Lami ikilowa haufiki ile spidi, kwa hivyo zile pesa zote zilitumika kiwandani kuchonga bawa na sakafu zinakaa tu hapo zikikuangalia. Nguvu ya injini nayo huwezi kuimwaga yote ju magurudumu ya nyuma yatateleza, na DRS, ile sehemu ya bawa la nyuma iliyokuwa inafunguka kuongeza spidi mpaka msimu wa 2025, ilikuwa inafungwa kabisa. Kinachobaki ni tairi, mguu wa dereva, na injinia anayesoma mawingu. Tairi za mstari wa kijani, zile intamidieti za mvua ya wastani, Pirelli wanaozitengeneza walisema kila moja inatoa lita 30 za maji kwa sekunde ukiwa kilomita 300 kwa saa, zile za buluu za mvua kubwa zinatoa lita 85, na gari ambayo inajua kuzipasha bila kuzichoma inaweza kuonekana shujaa Jumapili moja halafu usiisikie tena mpaka mvua ingine.

Hapo najua shemeji yako anapiga makofi. Aketi kwanza.

Jumamosi kulikuwa kavu. Watu wanasahau hio. Mchujo wa Melbourne, ule unaopanga nani aanze wapi Jumapili, ulifanywa kwa lami kavu, Norris akapiga dakika 1 na sekunde 15.096, Piastri nyuma yake kwa sekunde 0.084 tu, halafu Verstappen wa tatu akiwa mbali sekunde 0.385. Kwa hivyo hata kabla ya tone la kwanza ulikuwa na kipimo mkononi, na kitu mimi hufanya ni kuuliza kama Jumamosi na Jumapili zinasema kitu kimoja. Zikikubaliana, amini. Zikikataana, sikiliza Jumamosi.

Chukua Williams. Jumamosi kavu Albon alikuwa wa sita na Sainz wa kumi, Jumapili ya mvua Albon akamaliza wa tano, basi hapo hakuna muujiza, hio gari ilikuwa na kitu. Mwisho wa mwaka Williams walimaliza wa tano kwa timu na pointi 137. Sasa chukua Sauber. Jumamosi Bortoleto wa 15, Hülkenberg wa 17, halafu Jumapili Hülkenberg wa saba. Mambo yamekataana. Na baada ya hapo Sauber walikaa bila pointi hata moja mpaka Uhispania mwezi wa sita, wakamaliza wa tisa kati ya timu kumi. Aston Martin pia, Alonso 12 na Stroll 13 Jumamosi, Stroll wa sita Jumapili kwa mvua, na mwisho wa msimu wakaishia wa saba. Hülkenberg mwenyewe simtoi hata kidogo, yule jamaa kwa maji ni fundi, Silverstone mwezi wa saba ilinyeshewa tena akatoka nafasi ya 19 akapanda podiamu yake ya kwanza baada ya kuanza mbio 239. Lakini hio ni habari ya dereva.

Halafu kuna hii ya pili ambayo ndio inakupa wewe Mbishi nusu yako ya mbuzi. Ndani ya resi yenyewe ya mvua kuna vipande unaeza soma kama kitabu, mradi ujue ni vipi. Unatafuta sehemu ambayo hali imetulia, yaani mvua haiongezeki wala haipungui sana, watu wako kwa tairi aina moja zenye umri mmoja, na hakuna gari la usalama. Melbourne ilikuwa na hio sehemu. Baada ya ile fujo ya mwanzo, mbele walikuwa Norris, Verstappen, Piastri, wote kwa intamidieti, lami inakauka pole pole. Karibu raundi ya 17 tairi za Verstappen zikaanza kumkataa, akapanua kona ya 11, Piastri akapita. Kuanzia hapo mpaka Alonso alipogonga, hizo McLaren mbili zilimwacha Verstappen kwa zaidi ya sekunde 10, na si ati walikuwa wanajiua, kwa redio Piastri aliambiwa abaki nyuma ya Norris asishindane. Hapo ndio palikuwa na jibu la msimu mzima. Gari haichomi tairi. Ile 0.895 ya mwisho ilitengenezwa na gari la usalama lililowakusanya tena raundi chache kabla ya bendera, haina maana yoyote kwa spidi.

McLaren walifunga kazi ya ubingwa wa timu Singapore mwezi wa kumi na mbio sita zimebaki. Najua mtaniambia, mzee, mbona basi Norris alimshinda Verstappen kwa pointi 2 pekee, 423 kwa 421, kama Red Bull ilikuwa nyuma hivo? Jibu pia lilikuwa Melbourne, Jumamosi. Verstappen wa tatu, Lawson kwenye gari ile ile wa 18. Ukiona tofauti kama hio kati ya watu wa gereji moja jua gari ni ngumu na kuna mtu mmoja anaibeba mgongoni. Lawson aliondolewa hio kiti baada ya mbio mbili. Mimi naona walimharakisha, lakini hio ni barua ya siku ingine.

SWALI: Mzee, sisi watu wa Ferrari tunateseka. Melbourne tulimaliza wa 8 na wa 10 tukasema ni mvua. Wiki iliyofuata Hamilton akashinda ile mbio fupi ya Jumamosi (sprint) ya China, mimi nikanunulia mtaa mzima soda. Kesho yake gari zote mbili zikafutwa. Nisome vipi hio hadithi? – Mwekundu, Donholm

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hizo soda hazirudi.

Mvua ya Melbourne mnaisingizia bure. Mchujo mkavu Leclerc alikuwa wa saba na Hamilton wa nane, nyuma ya Williams moja na nyuma ya Tsunoda wa Racing Bulls, na hapo hakukuwa na hata ukungu. Kwa hivyo spidi haikuwepo tangu Jumamosi. Mvua iliporudi karibu raundi ya 44, timu ikawaacha nje na tairi za lami kavu wakidhani itapita, Hamilton hata akaongoza resi kidogo wenzake walipoingia piti kubadilisha tairi, halafu ikamwagika na nafasi zikaenda. Hio tunaiita uamuzi mbaya, na uamuzi mbaya uweke kwa daftari yake, usichanganye na spidi. Watu wengi wakihukumu mbio ya mvua wanachanganya hivi vitu viwili kisha wanalaumu gari, ama kinyume chake, wanasamehe gari kwa sababu injinia aliboronga.

China sasa. Jumamosi ya 22 Machi Hamilton alianza wa kwanza kwenye mbio fupi na akashinda, na hio ilikuwa ya ukweli, hakuna mtu alimpea. Lakini Jumapili baada ya resi wakapima. Gari ya Leclerc ilikuwa kilo 799 na kiwango cha chini mwaka huo kilikuwa 800. Ya Hamilton, ule ubao wa chini ya sakafu ulikuwa umelika chini ya milimita 9 zinazoruhusiwa. Wote wawili nje.

Na hapa ndio mvua inaingia kweli. Ubao unalika gari ikikandamizwa chini kwa spidi kubwa ikasugua lami. Resi ya maji haina hio spidi, gari haishuki kiasi hicho, kwa hivyo shida ya kuendesha gari chini sana unaweza kutoka nayo Melbourne salama bila mtu kujua, hata wewe mwenyewe. Ile mbio fupi ya China nayo ni raundi 19, Jumapili ni 56, ubao unasuguliwa karibu mara tatu zaidi. Ukiona timu ina spidi ya ghafla kwa umbali mfupi uliza inalipia wapi.

Kwa hivyo soma hivi: mchujo wa Melbourne ulikuwa ukweli, mbio fupi ya China ilikuwa ukweli wenye masharti. Mwaka mzima Ferrari hawakushinda hata Grand Prix moja, wakamaliza wa nne, na Hamilton hakupanda podiamu Jumapili yoyote. Mwaka 2003 ilikuwa kinyume kabisa, Melbourne ilianza na unyevu, Coulthard akashinda, Schumacher wa nne, watu wakaimba Ferrari imeisha, na mwisho wa mwaka wakabeba vikombe vyote viwili. Ile gari ilikuwa na spidi ya lami kavu, ya 2025 haikuwa.

SWALI: Kama Melbourne inaweza kudanganya, kwani tusitumie tu muda wa testi za Bahrain za kabla ya msimu? – Kijana, South B

JIBU: Hapana. Testi za 2025 aliyepiga muda bora kuliko wote ni Sainz na Williams, dakika 1 sekunde 29.348, na hakuna mtu mzima alidhani Williams watashinda ubingwa. Kwa testi haujui nani amebeba mafuta ya kilo ngapi, na kila kilo 10 zinakula karibu sekunde 0.3 kwa raundi. Siku ya kwanza hata huko kulikuwa na baridi na manyunyu, na stima zikapotea, Bahrain, wewe fikiria, nikajiskia niko nyumbani. Kitu pekee cha maana kwa testi ni zile raundi ndefu mfululizo, mtu akiendesha kama resi nzima, na zile za Norris ziliwafanya watu wa gereji zingine wanyamaze.

SWALI: Habari yako kaka. Mimi napenda hizi hesabu lakini kifurushi cha TV ni bei na bando za kuangalia moja kwa moja zinaisha kabla ya raundi ya 20. Kuna njia mtu anaweza kufuata spidi ya timu bila hizo gharama? – Dada wa Hesabu, Kahawa West

JIBU: Dada, iko na ni ya bure. FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, baada ya kila mbio wanaweka kwenye tovuti yao karatasi za muda, ni PDF nyepesi haikuli bando. Ile unataka ni ya muda wa kila raundi kwa kila dereva, na ile ya tofauti na kiongozi raundi kwa raundi. Pakua hizo mbili tu.

Chukua kalamu, tuseme unataka McLaren na Red Bull pale Melbourne. Andika muda wa Norris na wa Verstappen bega kwa bega, raundi ya 18 kwa 18, 19 kwa 19, mpaka 32 hivi. Usilinganishe kabisa raundi ya 12 ya mmoja na ya 30 ya mwingine, kwa sababu lami inabadilika na mafuta yanapungua, mwaka huo gari lilianza na mpaka kilo 110 na kufika katikati limepoteza nusu, kwa hivyo muda utashuka hata kama dereva amelala. Kata raundi za gari la usalama. Kata ya kuingia piti na ya kutoka. Kata zile tatu za kwanza, ni za vita. Halafu angalia kwa ile karatasi ya pili kama Verstappen alikuwa karibu sana na mtu mbele yake, ju kwa mvua ule moshi wa maji unamfunga macho na muda wake si muda wa gari, mimi hutaka angalau sekunde 3 za nafasi. Kinachobaki toa, weka tofauti kwa safu ya tatu. Ukiona tofauti inakua kidogo kidogo kila raundi, hio ni tairi inachoka kwa mmoja kabla ya mwenzake. Ukiona iko pale pale tu, hio ni spidi ya gari. Ikiruka ruka, mtu aliteleza ama kulikuwa na msongamano, achana nayo.

Kisha fanya hivo hivo kwa wenza wa timu moja. Hio wengi hawafanyi na ndio hunifurahisha zaidi.

Onyo moja, usidhani kukauka ndio dawa ya kila kitu. Haas Melbourne walikuwa wa 19 na 20 kwenye mchujo mkavu, Bearman hakuweka hata muda, wakamaliza wa 13 na 14 yaani mkia wa waliomaliza. Kila kitu kilikubaliana kwamba ni takataka. Wiki moja baadaye China, Ocon wa tano na Bearman wa nane baada ya zile Ferrari kufutwa. Gari yao ilikuwa inaruka ruka kwa zile kona za kasi za Melbourne, kona ya 9 na 10, na China haina kona kama hizo. Kwa hivyo hata ukiwa na hesabu safi, uliza barabara yenyewe iko vipi.

SWALI: Mzee na hapa kwetu je? Safari Rally ikiwa matope Naivasha, unaeza sema timu gani iko na gari ya msimu? – Wa Subaru, Kasarani

JIBU: Wa Subaru, rali ni mambo mengine. Resi wote wako kwa lami moja dakika moja, rali kila mtu anapata barabara yake. Anayefungua njia anasafishia wengine mchanga, na mvua ikipiga katikati ya stage, kile kipande cha barabara kinachopimwa muda, wa tano na wa kumi hawajaona barabara moja. Halafu Safari inavunja magari, mshindi mara nyingi ni yule amefika na magurudumu manne. Toyota wameshinda hapa kila mwaka tangu 2021 mpaka 2025, wakati wa mavumbi na wakati wa matope, kwa hivyo ukisema Toyota wanajenga gari ngumu sitakubishia.

Lakini ya nani ana spidi ya msimu, Naivasha usiulize. Mwaka 2025 Elfyn Evans alishinda hapa, Tänak na Neuville wa Hyundai wakamfuata, na Evans akaondoka anaongoza ubingwa kwa pointi nyingi. Aliyeuchukua mwisho wa mwaka ni Ogier, na Ogier Safari ya mwaka huo hakuja.